Faili liko kwa wakili wa serikali na hatuambiwi kitu: muathirika ana haki gani kabla mashtaka hayajafunguliwa?

"Wakili shikamoo. Mdogo wangu ni boda wa Kiboriloni hapa Moshi, mi ni dada yake mkubwa. Alipigwa na jirani yetu kisa deni la spea, akamkata na bomba la chuma usoni. Usiku ule tulichukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda zahanati ikajazwa, kesho yake maumivu yakazidi tukampeleka hospitali ya KCMC wakakuta taya limevunjika, wakamfunga waya na ikawa ni kunywa uji kwa mrija tu. Yule jamaa alikamatwa, haikupita siku tukamuona mtaani. Tukiuliza kituoni mpelelezi anasema faili liko kwa wakili wa serikali, subirini. Sasa tumesikia kwa watu wa upande wao kwamba itaandikwa shambulio la kawaida, na wazee wao wameshakuja nyumbani na masale, yale majani ya kuombea msamaha, wanataka tuyamalize. Kaka yetu aliyeko Texas anasema Marekani ni lazima muathirika ajulishwe na aulizwe kabla ya mashtaka, na kwamba hata huku ni hivohivo ila tunaonewa. Ni kweli? Tunaweza kudai watuulize kwanza? Na kama wameshaamua, ndo tumechelewa?"

Marahaba dada, na pole sana, mpe pole na mdogo wako. Maswali yako nayaona yote lakini nafikiri kinachokuumiza zaidi ni kwamba kuna mtu ofisini anaamua uzito wa kile alichofanyiwa mdogo wako na huyo mtu hajawahi hata kumuona sura. Hilo linauma na una haki ya kuuliza. Nitakujibu kwanza lile gumu alafu tuende kwenye mnachoweza kufanya, manake kipo, tena cha wiki hii hii.

Kwa sheria zetu za Tanzania hakuna kifungu kinachomlazimisha mpelelezi au wakili wa serikali kuwaita mkae nae akawauliza maoni kabla hajaandika hati ya mashtaka. Haipo. Kaka yenu kakosea hapo, na nakwambia mapema ili usiende pale ukaanza kudai kitu ambacho hakimo, ukaonekana msumbufu bure wakati mna hoja nzuri. Lakini hakuna sheria inayokuzuia kumpelekea taarifa anayeamua, kwa maandishi, kabla hajaamua. Watu wengi hawaifanyi hii, wanakaa wanasubiri kuitwa, wanakuja kushtuka kesi imeshasomwa mahakamani kwa kosa dogo.

Ukifika mahakamani utaona kwenye karatasi imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, jina la mdogo wako halipo juu pale, yeye ni shahidi. Muhimu kuliko wote, lakini shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri na anayeiendesha kwa niaba yake ni Mkurugenzi wa Mashtaka, yule tunayemwita DPP, ambaye mamlaka yake yako kwenye Katiba ibara ya 59B. Ibara hiyo inasema akiwa anafanya kazi yake yuko huru, haingiliwi na mtu yeyote, ila azingatie mambo matatu, nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mawakili wa serikali walioko mikoani na wilayani wanafanya kazi kwa mamlaka hayo hayo. Kwa hiyo wewe au ukoo mzima hamuwezi kumwamuru ashtaki kwa kosa gani, na hata yule jirani na wazee wake hawawezi. Uhuru huo unawabana na wao, usilisahau hilo ukisikia maneno ya mtaani kwamba "tumeshaongea, itaandikwa ndogo".

Kuhusu kumuona mtaani. Watu wengi wakimuona mtuhumiwa anatembea wanajua kesi imeuzwa. Mara nyingi siyo. Ile ni dhamana ya polisi, mtu anaachiwa kwa wadhamini na anatakiwa kuripoti kituoni mpaka upelelezi uishe. Na tangu 2022 sheria ilibadilishwa, sasa hivi mashtaka hayatakiwi kufunguliwa mahakamani mpaka upelelezi ukamilike na mwendesha mashtaka aridhike kwamba umekamilika, isipokuwa kwa makosa mazito yaliyoachwa nje ya utaratibu huo. Zamani mtu alikuwa anapelekwa mahakamani haraka alafu kesi inapigwa tarehe miezi na miezi "upelelezi haujakamilika", sasa kusubiri kumehamia huku nyuma kabla ya mahakama, ndo mana mnaona kimya. Kimya hicho ni kibaya kwa roho lakini faili bado liko wazi, linaongezeka karatasi, na nyie mnaweza kuongeza za kwenu.

Nije kwa kaka wa Texas, manake hajatunga, kuna kitu amekisikia ila kakisikia nusu. Marekani wana sheria ya mwaka 2004 ya haki za waathirika wa makosa ya shirikisho, inampa muathirika haki ya kujulishwa mapema na kwa usahihi kuhusu vikao vya mahakama na haki ya kuongea na mwanasheria wa serikali anayeshughulikia kesi. Shida imekuwa ni je, haki hizo zinaanza lini, kabla ya mashtaka au baada? Florida mwaka 2007 waendesha mashtaka waliingia makubaliano ya siri na Jeffrey Epstein, tajiri aliyetuhumiwa kuwadhalilisha mabinti kingono, kwamba hawatamshtaki kwa makosa ya shirikisho, alafu mabinti waliotendewa wakawa wanatumiwa barua za kuambiwa suala bado linachunguzwa. Mmoja wao, Courtney Wild, alipambana miaka mingi, mwaka 2019 jaji akasema kweli serikali ilivunja haki zao, lakini 2021 mahakama ya rufaa wakiwa jopo zima ikasema sheria ile haimpi muathirika nafasi ya kufungua shauri la kudai haki hizo wakati hakuna mashtaka yaliyofunguliwa. Kwa hiyo hata huko "lazima" ya kaka yenu ina shimo katikati.

Na hapo hapo Texas aliko yeye kuna lile la Boeing, kampuni inayotengeneza ndege. Ndege ya Ethiopian iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikitokea Addis Ababa kwenda Nairobi, watu 157, Wakenya wengi mno. Januari 2021 serikali ya Marekani ikamalizana na kampuni kwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka bila familia za marehemu kuulizwa. Jaji wa Fort Worth alisema 2022 kwamba wale marehemu wanahesabika kuwa waathirika wa uhalifu kisheria, ila mwaka uliofuata akasema hana mamlaka ya kuyavunja yale makubaliano. Nayaandika haya siyo kumvunja moyo kaka yenu, ni ili mjue kwamba familia zenye mawakili wakubwa kwenye nchi yenye sheria maalumu nazo zimekutana na ukuta huu huu, siyo nyie tu wa Kiboriloni mnaoonewa.

Jirani zetu hapo ng'ambo ya Namanga wamepiga hatua zaidi kidogo. Kenya wana sheria ya kuwalinda waathirika ya 2014, na Katiba yao ya 2010 inasema mkurugenzi wao wa mashtaka hawezi kuiondoa kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama. Kwetu DPP akisema hana nia ya kuendelea na shauri, hakimu hana cha kuzuia. Uingereza nako tangu 2013 muathirika akiambiwa hakuna mashtaka anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya na mtu mwingine. Mimi kwa maoni yangu na sisi tunahitaji kitu kama hicho kiandikwe wazi kwenye sheria, kwa sababu DPP kuwa huru hakumkatazi kumpa muathirika taarifa, na mtu aliyevunjwa taya anastahili kuambiwa kesi yake imefikia wapi bila kubembeleza.

Sasa kazi. Umesema itaandikwa shambulio la kawaida. Kwenye Kanuni ya Adhabu kuna ngazi tatu hapa, shambulio la kawaida ambalo kifungo chake ni mpaka mwaka mmoja, shambulio la kudhuru mwili mpaka miaka mitano, na kusababisha madhara makubwa mpaka miaka saba. Madhara makubwa maana yake kisheria ni pamoja na jeraha kubwa au la kudumu kwa kiungo cha ndani au cha nje, au kinachoharibu afya kwa kiasi kikubwa. Taya lililovunjika na kufungwa waya linagombea nafasi ya juu kabisa hapo. Kwa nini basi liandikwe dogo? Inawezekana kuna mkono wa mtu, sikatai, lakini kabla ya kufikiria hivo nataka uangalie kitu kimoja ambacho umekiandika mwenyewe bila kujua uzito wake.

PF3 ilijazwa zahanati, usiku, siku ya kwanza. Pale hakukuwa na eksirei. Yule mganga ataandika alichokiona, uvimbe shavuni, mchubuko, damu mdomoni, kifaa butu, basi. Mpasuko wa taya umeonekana kesho yake KCMC. Je, karatasi za KCMC ziliwahi kuingia kwenye jalada la polisi? Au ziko nyumbani kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki? Kama ziko nyumbani, basi wakili wa serikali anasoma faili la kijana aliyevimba shavu, na kwa faili hilo shambulio la kawaida siyo maajabu, hata mimi ningesita kwenda juu. Yeye anasoma kilichomo, hawezi kushtaki kwa eksirei iliyoko kabatini kwenu.

Kwa hiyo kwanza kabisa, mwone mpelelezi, kwa heshima, muulize kama jalada lina ripoti ya KCMC. Kama halina, omba daktari aliyemtibu kule aijaze PF3 au ripoti yake iingizwe, na daktari mwenyewe aandikwe maelezo kama shahidi. Mdogo wako nae, kama maelezo yake yaliandikwa wakati hawezi hata kufungua mdomo, aombe kuongeza maelezo, na asisaini mpaka asomewe na arekebishe pasipo sawa. Mashahidi walioona lile bomba likishuka, kama kuna boda wenzake kijiweni hawajaitwa, andikeni majina yao na namba zao mpeleke. Bomba lenyewe liko wapi? Lilichukuliwa? Ulizeni. Meseji za deni na za vitisho msifute na simu msiuze, skrinshoti peke yake haitoshi kama simu haipo.

Alafu andikeni barua. Siyo ndefu, ukurasa mmoja, kwa mkuu wa ofisi ya mashtaka mkoa wa Kilimanjaro, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Juu weka namba ya RB (ile mliyopewa kituoni mliporipoti), jina la muathirika, tarehe ya tukio na jina la kituo. Ndani sema nyie ni familia ya muathirika, mnaomba kujua shauri limefikia hatua gani, mnawasilisha nyaraka za matibabu ambazo huenda hazikuwepo kwenye jalada (taja moja moja na ambatanisha kopi, halisi baki nazo), na mnaomba mjulishwe kabla ya uamuzi wowote wa kutoshtaki, kuondoa shauri, au kukubaliana na mtuhumiwa. Usimtukane mpelelezi humo, usiandike "tunajua mmehongwa". Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Ule mhuri ndo utakuwa ushahidi wako kwamba waliambiwa kabla, na kwa uzoefu wangu barua iliyogongwa mhuri inafanya faili lifunguliwe na kusomwa tena hata kama hawatakujibu kwa maandishi. Wana ruhusa ya kutokuonyesha yaliyomo ndani ya jalada, hilo usigombane nalo.

Na mtu akikuomba hela ya mafuta ya gari au ya "kusukuma faili", usitoe. Piga TAKUKURU 113, ni bure.

Kuna sehemu moja tu ambapo sheria yetu imemtaja muathirika kwenye kushauriwa, na ni vizuri uijue manake inaweza kuwahusu mbele. Mwaka 2019 yaliingizwa makubaliano ya kukiri kosa, mshtakiwa anakaa na mwendesha mashtaka wanakubaliana akiri, pengine kosa lipunguzwe. Sheria inasema mwendesha mashtaka ataingia makubaliano hayo baada ya kushauriana na muathirika au mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Sasa umeona mlango ulivyo mwembamba, akishauriana na mpelelezi peke yake hajavunja sheria. Ndo mana kwenye barua nimekwambia ombeni kujulishwa mapema, wajue mpo, mna simu na mnapatikana. Ikifika huko semeni mnachotaka, ikiwemo fidia ya matibabu na ya siku ambazo pikipiki imelala, manake mahakama ya jinai nayo ina uwezo wa kuamuru fidia.

Masale sasa. Mimi nayaheshimu sana, na najua Uchagani mtu akija na isale mlangoni kumfukuza ni jambo zito. Mnaweza kusamehe, ni haki yenu na ya mdogo wako kwanza kuliko ukoo. Ila mjue mawili. Kusuluhishana kwa baraka za mahakama kumewekewa makosa madogo ya watu binafsi kama shambulio la kawaida, siyo makosa makubwa, kwa hiyo mkisameheana kosa la madhara makubwa Jamhuri haijasamehe. La pili ni la hatari zaidi, kupokea hela au mali kwa makubaliano kwamba mtaficha kosa kubwa au mtazuia mashtaka nalo ni kosa la jinai, mnaweza kujikuta nyie ndo mnaandikwa maelezo. Wakitaka kulipia matibabu walipie, iandikwe wazi kwamba ni gharama za matibabu, mbele ya mashahidi, bila sharti la kufuta kesi. Na angalieni hili pia, kama wanaharakisha mmalize kabla ripoti ya KCMC haijaingia kwenye jalada, jiulizeni kwa nini haraka yote.

Je, mmechelewa? Hapana. Hata mashtaka yakishasomwa hati inaweza kubadilishwa kesi ikiendelea kama ushahidi unaonyesha kosa lingine. Ila ni rahisi zaidi kuandika sawa mwanzoni, kwa sababu mahakama ikikuta kosa kubwa halijathibitishwa inaweza kumtia hatiani kwa lile dogo lililomo ndani yake, lakini aliyeshtakiwa kwa dogo hakimu hawezi kumpandisha siku ya hukumu.

Na wakiamua kutoshtaki kabisa, kuna njia mbili za jinai. Kumwandikia DPP mwenyewe Dodoma mkiomba uamuzi upitiwe, mkiambatanisha ile nakala yenye mhuri. Au kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa hakimu, sheria inaruhusu mtu yeyote mwenye sababu za msingi kuamini kosa limetendeka kufanya hivo, kwa mdomo au kwa maandishi, na hakimu anaweza kuruhusu mtu binafsi aendeshe mashtaka. Nikwambie ukweli, hii ya pili siipendekezi kirahisi, hakimu anaweza kuyakataa malalamiko, DPP anaweza kuichukua kesi na kuizima, na mzigo wa kuleta mashahidi unakuwa wenu. (Sijataja namba za vifungu makusudi, sheria zetu zimepangwa upya kwenye toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025 na namba nyingi mtakazokuta mtandaoni ni za zamani.)

Njia ambayo haimtegemei DPP ni kesi ya madai ya fidia dhidi ya yule jirani. Kiwango cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai, na inaweza kwenda hata kama jinai imekwama. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya tukio, ukipita basi.

Hapa nimekujibu kwa ulichoniandikia tu, sijaona karatasi hata moja. Tafuta mwanasheria ana kwa ana haraka kama kuna vitisho kwa mdogo wako au mashahidi, kama mmeletewa karatasi ya makubaliano msaini, au kama umepata habari kwamba jalada limefungwa. Kama uwezo wa kulipa haupo, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, Moshi hapo kuna shirika la KWIECO, na Arusha kuna ofisi za TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ukienda beba RB, kopi ya PF3, karatasi zote za KCMC pamoja na filamu yenyewe ya eksirei siyo ripoti tu, risiti za dawa, na uende na mdogo wako mwenyewe kama ameshaanza kuongea.